Nimeunganisha vichwa viwili vya N kupata Garratt moja ya 59: kazi, hesabu na vitu nilivyounguza

KichwaMbili (Mombasa)

Wadau, salaam. Uzi huu nimeuahidi tangu mwaka jana, na kila nikikaa kuandika kitu kinaungua. Leo kinatembea, kwa hiyo naandika upesi kabla hakijabadili mawazo.

Kwa wageni: huu ni uzi wa treni za mfano, zile ndogo za mezani; N ni skeli ya mfano ya 1:160. Garratt ni kichwa cha mvuke chenye seti mbili za magurudumu, na boila ikining'inia katikati yake. 59 ni yale magarimoshi makubwa ya aina hiyo ya East African Railways. Yalikuwa 34, yametengenezwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, yakapewa majina ya milima ya huku kwetu. Urefu karibu mita 31.7, uzito zaidi ya tani 250, na mzigo wote huo ulipita juu ya reli yenye upana wa mita moja. Hakuna kichwa cha mvuke cha reli ya mita kilichowahi kulishinda kwa ukubwa. Nenda makumbusho ya reli Nairobi, simama mbele ya 5918 Mount Gelai, halafu chuchumaa uangalie chini. Mwili una upana wa futi kumi, reli ni futi tatu na kitu. Ni kabati la nguo limepakiwa kwenye baiskeli.

Picha hiyo ndiyo niliyoitaka mezani. Dukani huioni, ukitaka kichwa cha kwetu unachukua cha mwenzio unakivua nguo.

Nilianza na reli, sikuanza na kichwa. Wengi wanakosea hapo: wananunua kichwa kizuri kwanza kisha wanaanza kukitafutia reli. Reli rahisi kuipata, hata ya mtumba, ni ya N, milimita 9. Sasa 9 mara 120 ni 1080. Kwa skeli ya 1:120, reli hiyo inasimama badala ya reli ya milimita 1080. Ya kwetu ni 1000, kwa hiyo nimezidi kwa milimita 0.67 pale mezani, unene wa kadi ya benki usiofika. Wenzetu wa New Zealand wanafanya hivi hivi kwa reli zao za 1067 na wanaiita NZ120. Anayeona kinyaa, nampa faraja ninayojipa mwenyewe: hizi 59 ziliundwa ziweze kubadilishwa ziende kwenye 1067, kama siku moja reli ya huku ingeunganishwa na ya kusini. Basi yangu imeshabadilishwa.

Sasa utamu wenyewe. Magurudumu ya 59 huandikwa 4-8-2+2-8-4. Madogo manne, makubwa manane, madogo mawili, halafu yale yale kinyume. Soma polepole. Hivyo ni vichwa viwili vya 4-8-2 vimepeana mgongo! Na Wamarekani walikuwa na 4-8-2 tele, za N zinapatikana mtandaoni zikiwa na mwili uliovunjika au tenda (kile kibehewa cha nyuma cha maji na makaa) iliyopotea, bei ya kutupa. Gurudumu kubwa la hizo 4-8-2 za USRA, yaani za michoro ya pamoja ya serikali ya Marekani, lilikuwa inchi 69, ambayo kwa 1:160 ni milimita 10.95. La 59 ni futi 4 na inchi 6, ambayo kwa 1:120 ni milimita 11.4. Tofauti nusu milimita. Nilipomaliza hesabu hiyo saa sita usiku nilimwamsha mke wangu. Hakufurahi.

Umbali wa ekseli hadi ekseli haulingani sawasawa na wa 59, nami sikuugusa. Fremu ni ya chuma cha kumimina, ukiikata unaua gia. Macho hayaoni ekseli, yanaona matangi na boila.

[Picha 1: chasi mbili uchi, mgongo kwa mgongo, juu ya ubao wa kukatia vitunguu]

Bi Mataruma (Dar es Salaam)

Hongera kaka, umetutesa kwa kusubiri. Swali la mchokozi: kwa nini usiende 1:87 kwenye reli ya milimita 12? 12 mara 87 ni 1044, uko karibu na mita kuliko hiyo 1080 yako. Na macho yangu ya miaka hamsini yangeshukuru.

KichwaMbili

Dada, umenishika pabaya, 1044 ni bora, sibishi. Lakini 59 kwa 1:87 ina urefu wa milimita 364, na kona zake zinataka chumba. Mimi nina meza ya kulia chakula baada ya watoto kulala. Kwa 1:120 ni 264. Halafu chasi za milimita 12 zenye magurudumu manane makubwa nimezitafuta nikachoka, na nilizoziona zinauzwa kama dhahabu.

Ngoja niendelee na mwili.

Kichwa cha 4-8-2 ukikivua boila umekivua uzito wake wote, maana boila ndiyo iliyokuwa pande la chuma. Na mota inabaki imetokeza juu kama shingo ya kuku. Kwenye kichwa cha kawaida ungekwama hapo. Garratt ina matangi juu ya kila seti ya magurudumu, na tangi ni boksi. Mota ikaingia ndani ya boksi kama imepimiwa. Boila inaning'inia katikati kwenye fremu yake, haibebi mota wala gia, kwa hiyo iwe nyepesi unavyotaka.

Boila ya 59 ina kipenyo cha futi 7 na nusu, yaani milimita 19 kwa skeli yangu. Bomba la kupitishia waya za umeme ukutani ni milimita 20. Lipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Nimelisugua kwa msasa mpaka mkono ukafa ganzi, nikaishia 19.4 nikasema liwe liwalo.

Matangi ni karatasi ya plastiki ya milimita 1, pembe nimezizungusha kwa tupa. Uzito: risasi. Nimeenda kwa wavuvi nikanunua chubwi za nyavu, nikazigonga bapa kwa nyundo, nikazipanga ndani ya tangi pande zote mbili za mota. Osheni mikono baada ya kushika risasi, na msigonge jikoni.

Tangi la nyuma nimelimalizia juu kwa makaa ya mawe. Nimesaga mkaa wa kupikia, nikaupaka gundi nyeupe iliyoongezwa maji. Umependeza sana.

Mjukuu wa Stoka (Nakuru)

Makaa?

Ndugu yangu, babu alifanya kazi kwenye hizo 59 miaka kumi na moja na hakuwahi kushika koleo. Zilikuwa zinachoma mafuta mazito. Kazi yake ilikuwa vali na macho: aangalie moshi, moshi ukiwa mweusi anapunguza mafuta, ukipotea kabisa anaongeza. Alipewa jina la stoka tu kwa mazoea. Lile tangi la nyuma limefunikwa juu, lina mifuniko ya kujazia. Ondoa mkaa wa watu.

KichwaMbili

Aibu gani hii. Nimetazama picha zangu za makumbusho tena, ni kweli, juu ni bapa na mifuniko. Mimi nilizipiga kutoka chini nikajaza yaliyobaki kwa akili yangu. Nimeloweka tangi kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha, mkaa umetoka kwa mswaki. Msalimie babu.

Mjukuu wa Stoka

Alishatangulia, lakini angecheka. Na dohani umeweka ya aina gani? Zilipotoka kiwandani zilikuwa na dohani ya mviringo. Baadaye zikawekewa ya Giesl, ile nyembamba na ndefu kuelekea nyuma, kama sanduku la miwani. Usichanganye miaka.

KichwaMbili

Ya Giesl. Nimekata kipande cha plastiki nikakichonga. Hicho ndicho kitu kidogo kilichobadilisha sura yote. Kabla yake lilikuwa bomba juu ya bomba, baada yake hata mke wangu akasema "hii nimeiona Nairobi".

Mswahili wa Gorton (Manchester)

Wadau, mimi nakaa hapa hapa kitongoji kilichokuwa na kiwanda cha Beyer Peacock. Kilifungwa 1966. Lakini jumba la makumbusho la sayansi na viwanda la mjini hapa lina kumbukumbu za kampuni, michoro ikiwemo, na wana Garratt nzima ya Afrika Kusini, ya aina iitwayo GL. Ile GL ni ya 1067 na inakupa picha ya jinsi fremu ya boila inavyokaa juu ya egemeo mbili. Mkuu, yako umeifungaje? Maana hapo ndipo Garratt nyingi za mezani zinapofia.

KichwaMbili

Mkuu umeuliza penyewe. Fremu ya boila ni ukanda wa shaba nyeupe, ncha mbili zina tundu, na kila chasi ina skrubu moja iliyosimama. Kosa langu la kwanza: nilikaza zote mbili mpaka fremu ikatulia vizuri. Kwenye reli iliyonyooka, raha. Kwenye kona, sawa. Kwenye maungio ya reli yaliyopanda kidogo, chasi ya mbele ikainuka gurudumu upande mmoja na kuanguka nje.

Dawa: egemeo moja liruhusu kuzunguka tu, lingine liruhusu kuzunguka na kuyumba kushoto kulia. La nyuma nimeweka washa mbili na springi ya kalamu ya wino iliyokatwa. Ni kama stuli ya miguu mitatu, haiyumbi hata sakafu ikiwa mbovu.

Ile bogi ndogo, yaani kigari cha magurudumu madogo manne ya kuongoza, nayo ilikuwa inaruka ovyo kwa sababu haina uzito. Kipande kingine cha springi ya kalamu kikaikandamiza. Kalamu moja, matatizo mawili.

Sasa umeme, na hapa naomba mtulie.

Kila chasi ilikuwa inachukua umeme kwa magurudumu yake na kwa tenda. Tenda nimezitupa, kwa hiyo kila chasi imebaki na miguu michache, ikifika kwenye makutano ya reli inazimika. Nikaona nizifunge chasi mbili pamoja kwa waya, zigawane: moja ikikosa, nyingine inaipa. Waya mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi. Nani angefanya vingine? Nikaweka kwenye reli, nikafungua umeme. Kimya. Halafu harufu. Transfoma ikajizima yenyewe, la sivyo ningekuwa naandika uzi wa moto.

Nikabadilisha waya. Nikabadilisha transfoma. Nikalaumu lehemu. Siku nne.

Bi Mataruma

Kaka, umeigeuza chasi ya nyuma ikatazama kinyume, sivyo? Basi mkono wake wa kulia sasa uko kwenye reli ya kushoto. Mwekundu wa mbele anagusa reli moja, mwekundu wa nyuma anagusa reli ya pili. Ukiwafunga pamoja umefunga reli kwa reli.

KichwaMbili

Ndiyo hivyo hivyo dada, na nilihitaji siku nne kujua ulichokijua kwa sekunde nne. Kwenye Garratt, mwekundu wa mbele unakwenda kwa mweusi wa nyuma. Nimeandika hilo kwa kalamu ya wino ndani ya tangi.

Hofu iliyofuata: kama waya zimepishana, je, mota hazitavutana, mmoja Mombasa mwingine Kisumu? Hazivutani, mradi kila mota ibaki na vichukuzi vyake mwenyewe. Jaribuni na kichwa chochote kisicho na dikoda (kidude cha ndani kinachopokea amri za kidijitali na kuendesha mota): kiweke reli kinakwenda kulia, kinyanyue, kigeuze, kirudishe. Bado kinakwenda kulia. Umeme wa reli ndio unaoamua upande, uso wa kichwa haumo. Mwenye dikoda moja kwa mota mbili ndiye anayetakiwa kupishanisha waya za mota ya nyuma.

Kwa waya, msitumie za spika za masikioni kama nilivyofanya mwanzo. Zina uzi ndani na rangi ya kuhami, lehemu inateleza juu yake kama maji kwenye jani la mgomba. Zile za ndani ya kisomea CD kilichokufa ni nzuri, laini na zinashika.

Fundi Saa (Zanzibar)

Mota zinalingana mwendo? Maana mbili zikiwa tofauti, moja inaburuza nyingine.

KichwaMbili

Nilizipima kila moja peke yake, umeme ule ule, mita moja. Moja sekunde 11, ya pili 12. Nikaziacha zizunguke nusu saa kila upande, zikakaribiana. Ya haraka nimeiweka mbele ivute, kuliko nyuma isukume. Magurudumu yanateleza kidogo na kusameheana.

Mswahili wa Gorton

Hata zile halisi seti mbili hazikuwa zimefungwa pamoja. Ndiyo maana Garratt ikipanda mlima mlio wake unaanza pamoja, unaachana, kisha unarudiana.

KichwaMbili

Kuna jambo moja la gia nitalipitia haraka kwa sababu bado lina uchungu. Chasi ya pili ilifika kwenye bahasha ikiwa inafanya *tik... tik... tik* kila mzunguko wa gurudumu. Gia ndogo ya plastiki ilikuwa imepasuka kwenye ekseli; zinapasuka kwa uzee. Muuzaji hajibu mpaka leo. Nikapata gia nyingine, nikang'oa magurudumu, nikarudisha. Chasi ikawa inatembea kama mtu mwenye mwiba.

Fundi Saa

Robo mzunguko. Pini ya gurudumu la kushoto na ya kulia lazima zipishane kwa nyuzi 90, na ekseli zote nne zikubaliane. Ukikosea hata nyuzi mbili tatu, vyuma vya pembeni vinavyounganisha magurudumu vinabana.

KichwaMbili

Asante bwana Fundi. Nilikuwa nakadiria kwa macho. Nawe ulipimaje?

Fundi Saa

Nahesabu spoki. Tafuta ekseli moja ambayo hukuing'oa, iwe mwalimu. Tazama pini yake ya kushoto ikiwa juu kabisa, pini ya kulia inaelekea spoki ya ngapi? Zipange nyingine hivyo hivyo kabla hujabana kwa nguvu. Kioo kidogo cha kunyolea ndevu ukikisimamisha upande wa pili, unaona pande zote mbili bila kugeuza.

KichwaMbili

Kioo! Dakika ishirini, imekwisha. Nilikuwa nimeshatumia wiki.

[Picha 2: chasi mbele ya kioo, na nusu ya uso wangu, samahani]

Kijana wa Tabora

Shikamooni wakubwa. Mimi naanza, Garratt siiwezi. Kuna kichwa rahisi cha huku kwetu cha kuanzia?

Bi Mataruma

Marahaba mwanangu. Anza na dizeli: hakuna vyuma vya pembeni, hakuna nyuzi 90. Zile za English Electric zilizokuja East African Railways kuanzia 1960, ambazo Kenya ziliitwa 87, zina mpangilio wa 1Co-Co1: ekseli tatu zenye mota na moja ndogo ya kuongoza, kila upande. Waingereza wana Class 40 yenye mpangilio huo huo, nayo ni ya English Electric vilevile, na mfano wake wa N upo. Chukua chasi, tengeneza boksi la plastiki juu. Pima bogi dhidi ya picha kwanza, usiniamini mimi tu.

Au njoo upande wangu, TAZARA. Reli yake ni 1067. Kwa 1:120 kwenye milimita 9 umekosea kwa sehemu ya kumi ya milimita, hata mchawi haoni. KichwaMbili atatuonea wivu.

KichwaMbili

Naona wivu tayari.

Rangi, nimalizie. 59 zilikuwa damu ya mzee. Nilichanganya nyekundu na nyeusi nikapata tope. Nyekundu na kahawia na tone moja la buluu, hapo ikaja. Ongeza na nyeupe kidogo sana: kitu kidogo kikipakwa rangi ile ile ya kitu kikubwa kinaonekana cheusi, hasa chini ya taa ya sebuleni.

Tangi la kwanza nililipulizia rangi ya magari moja kwa moja bila praima. Bomba la umeme lilivumilia. Karatasi ya plastiki ilifanya ngozi ya mamba mbele ya macho yangu. Nikachonga tangi lingine. La pili lilipata praima ya kijivu, nyembamba, mara mbili, na siku ya jua kavu. Mombasa wakati wa masika usijaribu, rangi inalala na unyevu inaamka na ukungu.

Vyuma vya kushikia mkono ni nyuzi za shaba kutoka waya wa taa, nimezinyoosha kwa kuzivingirisha kati ya vipande viwili vya kioo. Kibao cha jina nimechapisha studio ya picha, herufi hata mimi sizisomi bila lenzi. Nimechagua Mount Shengena, 5930.

Bi Mataruma

Shengena ni kwetu Upareni! Wengi wanadhani milima yote ilikuwa ya Kenya. Nakusamehe ile 1080.

KichwaMbili

Jana usiku nimefanya jaribio. Nimeinua ubao sentimita 1.5 kwa kila mita, maana 59 halisi zilivuta tani 1,200 kwenye mwinuko wa asilimia 1.5 kutoka pwani kwenda Nairobi. Mabehewa sita, ikapanda bila kujali. Kumi, ikapanda. Kumi na nne, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka mahali pamoja, ya nyuma yanasukuma, mlio unaachana na kurudiana kama alivyosema mkuu wa Gorton. Ikasimama nusu ya ubao.

Nikafungua tangi la mbele nikaongeza chubwi mbili. Ikafika juu na kumi na nne.

Fundi Saa

Jumla chubwi ngapi?

KichwaMbili

Ishirini na tatu. Yule mvuvi sasa ananiuliza nyavu zangu nazitega wapi.